Mikwaruzo Niliyoikimbia kwenye Eku ya Louis XV

Septemba moja nilikuwa kwenye Braderie, soko la vitu vya zamani linalojaza mitaa ya Lille, mji wa Ufaransa ninaoishi. Muuzaji akaniwekea mbele eku mbili, yaani sarafu kubwa za fedha za Ufaransa ya kale, za mfalme Louis XV. Moja iling'aa kama sufuria mpya. Nyingine ilikuwa ya kijivu, na shavu la mfalme lilikuwa na mistari myembamba, sambamba, kana kwamba mtu kaipitishia tupa. Nikachukua ya kung'aa, kwa bei karibu mara mbili ya mwenzake. Mpaka leo naujutia uamuzi ule.

Mistari ile kweli ilikuwa ya tupa, ila tupa ya karakana ya sarafu ya mfalme yenyewe. Eku ya tangu 1726 ilitakiwa kuwa na uzito wa gramu 29.49 hivi, sehemu 11 kati ya 12 zikiwa fedha safi. Kibamba, yaani kipande cha fedha kinachosubiri chapa, kikizidi uzito, fundi alikikwangua kabla hakijapigwa chapa. Chapa ilifuta mikwaruzo mingi, lakini pale picha inapoinuka zaidi, shavuni au katikati ya ngao, mingine ilisalia. Chukua lenzi uangalie: nywele za mfalme zikiwa zimepita juu ya mkwaruzo, mkwaruzo ulitangulia. Mkwaruzo ukiwa umezikata nywele, ujue umetoka mikononi mwa watu baadaye, na hapo bei lazima ishuke.

Sarafu yangu ya kung'aa ilikuwa imesuguliwa hadi nywele zimelainika. Ubaya zaidi ulikuwa ukingoni. Huko huzungushiwa maneno DOMINE SALVUM FAC REGEM, yaani Bwana, mwokoe mfalme, na kwenye yangu herufi kadhaa zilikuwa zimemezwa na alama ya kulehemu. Mtu aliwahi kuifanya kidani. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kutazama sura ya mfalme, zungusha ukingo wote taratibu. Halafu pima. Beba mizani ndogo mfukoni. Muuzaji mwaminifu hachukii. Eku ya Louis XV ya tangu 1726 yenye gramu 29 imechakaa tu kwa matumizi, lakini ya 26 inahitaji maelezo. Ila eku nyingi za Louis XIV zina gramu 27 hivi, basi mjue kwanza mfalme unayempima.

Nikimtaja Louis XIV, nafika kwenye sarafu ninazozipenda kuliko zote. Kuanzia mwishoni mwa 1689, akihitaji fedha za vita, aliagiza sarafu za zamani zikusanywe. Hazikuyeyushwa. Zilipigwa chapa mpya juu ya ile ya kale, kisha zikarudi sokoni kwa thamani kubwa zaidi, na faida ikabaki kwa mfalme. Ndiyo maana kwenye eku yenye msalaba wa herufi L nane unaweza kuona tarakimu za mwaka mwingine, au kipande cha sura ya mfalme huyohuyo akiwa kijana, vikichungulia chini ya chapa mpya. Wauzaji wengine huziweka kwenye sahani ya zilizoharibika. Pitia sahani hiyo kwa subira.

Eku za fedha za mwanzo kabisa, za Louis XIII kuanzia 1641, zilizochongwa na Jean Warin, ni nzuri mno lakini bei yake si ya anayeanza. Mimi nawinda herufi W, alama ya karakana ya Lille. A ni Paris, L ni Bayonne, na Pau ilitumia ng'ombe mdogo.

Nyumbani tulizoea kusugua bangili za fedha kwa limau na majivu. Eku usiifanyie hivyo kamwe. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi, kisha igusishe kitambaa laini bila kufuta, uiache ikauke yenyewe.