Nilijiuzulu urubani, nawezaje kurudi?

SWALI: Nilikuwa rubani msaidizi wa Q400, ndege ya abiria ya pangaboi yenye injini mbili. Nilijiuzulu kwa hiari miaka miwili iliyopita. Sasa mwajiri wangu wa zamani anatafuta marubani. Nianzie wapi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Anza na daktari aliyeidhinishwa na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), barua ya maombi baadaye. Kama hukukihuisha, cheti chako cha afya cha daraja la kwanza kimeshaisha, na bila hicho leseni haikuruhusu kurusha ndege. Angalia pia kiwango chako cha Kiingereza: daraja la 4 kati ya 6 hupimwa upya kila miaka 3.

Kinachokwamisha wengi ni idhini ya aina ya ndege, yaani ruhusa ya kurusha aina hiyo mahususi. Ikishaisha muda, utahitaji mafunzo ya kurejea kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege) na mtihani: injini kuzimika wakati wa kupaa, kutua kwa kutegemea vyombo, kughairi kutua. Ni gharama kubwa, kwa hiyo usilipe kabla ya kujua kama shirika litagharamia.

Barua mwandikie rubani mkuu, nakala kwa idara ya utumishi. Taja jumla ya saa zako, saa za Q400, tarehe ya mwisho uliyoruka na sababu ya kuondoka, bila kulaumu mtu. Usizidishe saa hata moja. Watazilinganisha na kumbukumbu zao.

Halafu fukua mkataba wa zamani. Kama uliondoka na deni la mafunzo ambayo shirika lilikulipia, lizungumzie mapema, maana ndilo huzima maombi kimyakimya. Na uliza kuhusu ukubwa kazini, yaani nafasi yako kwenye orodha ya marubani: anayerudi kwa kawaida huanzia mkiani, hata nyuma ya walioajiriwa baada yake.