Mwanangu, Mpe Mtoto Vijiko Ahesabu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Waniuliza kwa nini mjukuu wangu, ambaye ametimiza miaka minne na hutaja nambari hadi ishirini bila kukwama, hukuletea konzi nzima ya vijiko ukimwomba vinne, na kama yafaa umtafutie mwalimu wa tuisheni. Usimtafutie. Watoto wengi wa umri wake wako papo hapo alipo.

Nambari hizo amezikariri kama wimbo. Kuhesabu kwenyewe kwadai mambo mawili zaidi: kila kitu kipate nambari moja tu, pasipo kuruka wala kurudia, na nambari ya mwisho iwe ndiyo idadi ya vyote. Hilo la pili ndilo gumu. Akishahesabu vijiko vitano, mwulize ni vingapi. Akianza upya, "moja, mbili," ujue kwamba amelisikia swali lako kama agizo la kuhesabu tena. Usimkaripie. Hesabu naye, kisha uvizungushie mkono vyote na kusema, "Vijiko vitano."

Mwanasaikolojia Karen Wynn, katika tafiti alizochapisha mwaka 1990 na 1992, alionyesha kwamba mtoto huelewa kwanza moja ni ngapi, kisha mbili, kisha tatu, na kwamba safari hiyo huchukua miezi mingi kabla hajang'amua jinsi kuhesabu kunavyompa idadi yoyote. Kwa hiyo anzia pale anapokosea: ikiwa mbili hakosei na tatu humshinda, kaeni kwenye tatu. Unapopika, mwambie akuletee nyanya tatu. Mnapopanda ngazi za ghorofa yenu, kila kidato kipate nambari yake, na mdomo usiutangulie mguu. Mayai ayatoe kwenye trei moja moja hadi kwenye bakuli, kwa maana kilichokwisha kuhamishwa hakihesabiwi mara ya pili.

Nambari za magari ya matatu akizitambua ni vyema, ila usidhani kwamba hiyo ndiyo hesabu. 58 ya huku kwetu ni jina la njia, si idadi ya chochote. Kuandika tarakimu mwachie mwalimu wake wa PP1, yaani chekechea.

Vidole avitumie apendavyo. Mumeo, namjua, atasema huo ni uzembe. Mwambie kwamba mkewe nilimfundisha kwa vidole hivyo hivyo, na leo ndiye anayemshikia hesabu za duka.

Jumamosi mtakapokuja, kazi ya kupanga sahani nitamwachia yeye. Tutakuwa watu sita, nami sitamsaidia asipoomba, kwa sababu hata kama hajui sita ni ngapi, ataona mwenyewe ni nani aliyekosa sahani.

Wako,
Mama