Jibu: TV na intaneti kwenye trela la kambi

Kaka, umeuliza kwa nini TV ya trela lako, hiyo nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, haishiki chaneli hata moja kila mnapohamia kambi nyingine huko Marekani, na ufanyeje kuhusu intaneti.

Tuanze na TV. Angalia karibu na tundu la waya wa antena, mara nyingi ndani ya kabati, kuna kiswichi chenye kitaa kidogo. Hicho ndicho kinachopeleka umeme wa volti 12 kwenye kikuza mawimbi cha antena ya paani. Ukitumia antena, kiwashe. Ukichomeka kebo ya kambini, kizime. Mimi siku mbili nzima nilizungusha antena kama feni, kumbe mtoto alishakizima zamani! Halafu kila mkihama, tafuta chaneli upya, kwani za mji mliotoka hazilifuati trela. Na usingoje chenga zikuongoze. Stesheni kubwa za huko zilihamia dijitali 2009, kwa hiyo ama picha ipo au haipo.

Wi-Fi ya kambi jioni ni ya kusomea meseji tu, wote wanakuwa hewani. Mimi natumia ruta yenye laini ya simu, na laini ya mtandao mwingine naiweka akiba. Dishi la Starlink, yaani intaneti ya setilaiti, ni zuri porini, ila linataka anga wazi. Chini ya misonobari linakatakata. Kabla hujaegesha, fungua programu yake, kamera ya simu itakuonyesha miti inayoziba. Mama watoto atalalamikia kukosa kivuli, hilo mtamalizana wenyewe.