Texas haina kodi ya mapato, lakini nyumba je?

Dada, umeuliza kama wewe na mzee mtaokoa pesa mkistaafu na kuhama Minnesota kwenda Texas, kwa kuwa kule jimbo halitozi kodi ya mapato. Kweli, halitozi. Ila pesa za shule lazima zitoke mahali, na Texas zinatoka kwenye nyumba yako. Kodi ya majengo sehemu nyingi za mijini hukaribia asilimia 2 ya thamani kwa mwaka. Nyumba ya dola 300,000 basi ni kama dola 6,000 kabla ya misamaha, hata kama mkopo wa benki mlishaumaliza.

Nafuu ipo. Ukitimiza miaka 65 na unaishi humo mwenyewe, unapata msamaha wa ziada, na kodi ya wilaya ya shule inawekewa kikomo isipande. Lakini haiji yenyewe. Jaza fomu ya kaunti.

Halafu bima! Mvua ya mawe na vimbunga vimeipandisha sana, kwa hiyo ulizia bei kabla hamjasaini chochote. Mimi nilipiga hesabu zote za kodi nikasahau umeme wa kiyoyozi. Agosti ilinitoa jasho mara mbili.

Kama mtategemea zaidi pensheni na akiba ya kazini, itazameni na Pennsylvania: wana kodi ya mapato, lakini pesa za wastaafu kwa kawaida hawazigusi. Kodi ya mapato ya serikali kuu inawafuata popote. Vyovyote mtakavyoamua, pangeni nyumba kwanza mwaka mmoja, msinunue.