Kufaili kodi Marekani: jibu kwa aliyeahidiwa kurudishiwa dola 9,000

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mchana uko nyumba ya wazee, jioni unapeleka chakula kwa gari lako, na kuna ndugu anakuahidi utarudishiwa dola 9,000 akimwandika mama yako aliyeko Tanga kama mtegemezi. Usimpe karatasi zako. Kama ulishampa, zifuate leo kabla hajatuma.

Kuhusu mama: mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama wa Tanga haingii, hata kama dawa, chakula na bati la nyumba vyote vinatoka mfukoni mwako. Inauma, najua, nami wangu namtumia kila mwezi. Hela ya nyumbani haipunguzi kodi hata senti moja. Tena tangu 1 Januari 2026, ukienda dirishani na pesa taslimu unakatwa asilimia 1 ya unachotuma. Tuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa, hukatwi.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Mapema 2022 nilimpa mtu kama huyo kodi yangu ya 2021. Wikiendi nilikuwa napeleka chakula, siku nyingine niko kwenye boksi. Akaniandikia maili 31,000 za kazi. Gari zima, pamoja na safari za dukani na kazini, mwaka ule lilitembea maili 11,000. Kwa senti 56 zilizoruhusiwa kwa kila maili mwaka ule, alinipunguzia kipato dola 17,360. Mimi niliangalia mstari mmoja tu, wa kiasi nitakachorudishiwa, nikafurahi. Mwaka uliofuata IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakaniandikia barua wakitaka daftari la maili. Sikuwa nalo. Nikamtafuta, simu haipatikani, na kwenye fomu hakusaini wala hakuweka PTIN, namba ambayo IRS huwapa wanaolipwa kuandaa fomu za kodi, kana kwamba nilijaza mwenyewe. Nililipa kodi yote, faini ya asilimia 20 juu yake, na riba. Anayelipwa kukuandalia fomu analazimika kusaini na kuweka PTIN. Akikataa, ondoka. Fomu ikishakwenda na jina lako, deni ni lako.

Unachostahili kwa haki si kidogo. Kwa kodi ya 2025, kama huna mwenza, dola 15,750 za kwanza hazitozwi. Maili ulizoendesha kikazi zinahesabiwa senti 70 kila moja. Halafu kuna ovataimu, na hapa wengi wanapotoshwa: kinachopunguzwa ni ile nusu ya nyongeza tu. Ukilipwa dola 20 kwa saa na ovataimu 30, ni zile 10 zinazotolewa kwenye kipato kinachotozwa, mwisho dola 12,500 kwa mwaka. Makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) yako palepale. W-2 yako ya 2025, ile karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, huenda isiionyeshe ovataimu peke yake, kwa hiyo kusanya karatasi za malipo za mwaka mzima.

Ya kupeleka chakula ina mzigo wake. Faida ikifika dola 400 unadaiwa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3 inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida, kwa sababu hakuna mwajiri anayekukatia. Mimi kila malipo yakiingia naweka robo pembeni.

Mwisho wa kufaili ni 15 Aprili. Hata kama huna hela, faili: kutofaili ni asilimia 5 ya deni kila mwezi, kuchelewa kulipa ni nusu asilimia.

Tafuta kituo cha VITA karibu nawe, watu wanaojitolea kuandaa fomu za kodi, mara nyingi wako maktaba. Ni bure kwa watu wa kipato chetu, na waliniandalia fomu zangu mbili zilizofuata. Nenda na kitambulisho, kadi ya Social Security, W-2 na 1099, karatasi ya kipato cha kazi ya kujiajiri. Kama maili hukuandika, ingia leo kwenye programu unayofanyia kazi, upakue historia ya safari zako moja moja, kisha uilinganishe na namba za odometa kwenye risiti za kubadilisha oili.