Sheikh, kosa ni moja vifungo viwili, hii si dhulma?

SWALI: Asalaam aleykum sheikh, niko Mombasa. Kakangu na mwenzake walishtakiwa kumuibia bosi wao mali ya stoo, juzi hakimu kampa kakangu miaka mitatu jela, mwenzake kapata probesheni, yuko nje chini ya uangalizi. Si kosa ni lilelile? Mama analia kutwa, asema ni dhulma. Na akimaliza kifungo, dhambi ndo imeisha?

JIBU: Waaleykum salaam dadangu, mpe mama pole sana.

Mimi si wakili, lakini hili naulizwa kila mara. Sheria ya Kenya kwa mfanyakazi anayemuibia mwajiri wake ni kifungo mpaka miaka 7, na hiyo "mpaka" ndo watu hawaisikii, 7 ni mwisho wake, hakimu ana ruhusa kushuka, na kinachomshusha ni kama mtu alikiri mapema, ni kosa lake la kwanza, karudisha alichochukua, afisa wa probesheni kaandika nini kumhusu, hata siku alizokaa rumande sheria yasema zihesabiwe. Sasa muulizeni kakenu taratibu, bila kumgombeza: yule mwenzake alikiri? Alilipa? Nyote mwawatazama kama watu sawa, huenda kwenye faili hawako sawa.

Kwenye fiqhi, yaani sheria ya dini, kuna hudud, adhabu ambazo Mwenyezi Mungu kaziweka mwenyewe, kadhi haongezi hapunguzi, na kuna taazir, adhabu ambayo kaachiwa kadhi aipime, na jela iko huku kwenye taazir (zama za Sayyidna Umar ndo ilinunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya pale Makka ikafanywa jela). Kwenye taazir huangaliwa kosa na mwenye kosa, kwa hivyo wawili kutofautiana peke yake si dhulma. Dhulma ni hakimu kula kitu, au kuuliza huyu mtoto wa nani. Yule mwanamke wa Bani Makhzum alipoiba, watu wakamtuma Usama akamuombee kwa vile ni wa ukoo mkubwa, Mtume s.a.w. alikasirika, akasema hata Fatma bint Muhammad angeiba angemkata mkono. Kama mna ushahidi wa jambo kama hilo semeni, lakini uchungu wa mama si ushahidi, anisamehe.

La dhambi sasa. Kifungo hakilipi deni dada. Toba ni baina yake na Mola wake, ila mali ni haki ya mja, na sisi Mashafii twasema hata aliyekatwa mkono bado adaiwa alichoiba, sembuse aliyelala jela. Familia mkiweza anzeni kulipa kidogo kidogo, au nendeni kwa huyo bosi mumuombe asamehe, akisamehe kwa moyo wake basi.

Na rufaa inaruhusiwa, wala si kupinga qadar, aliyoyapanga Mungu. Lakini muoneni wakili kwanza, kwa sababu Mahakama Kuu yaweza kupunguza na yaweza pia kuongeza, na muende haraka, muda ni siku 14 tangu hukumu na hiyo "juzi" yako sijui zishapita ngapi.