Nani aliyehesabu miaka bilioni 13.8?

Swali: Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Masasi. Nikiandika ubaoni kwamba ulimwengu una miaka bilioni 13.8, wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo, wanauliza nani aliyehesabu, na je, huko si kumpinga Muumba? Niwajibuje?

Jibu: Mwalimu, anza na hesabu. Swali la pili litapoa kidogo wakishaona la kwanza linavyojibiwa.

Mwanga wa hidrojeni ukitawanywa rangi zake huonyesha mstari mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, na chanzo cha mwanga kikituacha, wimbi hilo hurefuka. Tuseme kwenye galaksi fulani, yaani kundi kubwa la nyota, mstari huo unaonekana kwenye 663.3. Gawanya tofauti, yaani 7, kwa 656.3 upate 0.0107, zidisha kwa kasi ya mwanga, km 300,000 kwa sekunde. Galaksi hiyo inatuacha kwa kama km 3,200 kwa sekunde. Kipimo cha Hubble, yaani kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ni takriban km 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kizio cha umbali wa galaksi), kwa hiyo iko megaparseki 46 hivi, au miaka ya mwanga milioni 150. Waambie mwanga huo ulianza safari enzi za dinosaria wa Tendaguru, hapo Lindi. Watanyamaza.

Kisha gawanya umbali kwa kasi, upate muda tangu kutanuka kuanze. Wengi huharibu hapa kwa kusahau kugeuza vipimo: megaparseki moja ni km 3.086 × 10¹⁹. Jibu ni sekunde 4.4 × 10¹⁷, yaani miaka bilioni 14. Inashuka hadi 13.8 kwa sababu kasi ya kutanuka haikuwa ileile wakati wote. Usiwape galaksi jirani ya Andromeda kama mfano. Yenyewe inatukaribia, na jibu litatoka hasi. Wakiuliza Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani mwanzo wa kutanuka huko, ulitokea upande gani, hakuna upande: nafasi yenyewe ilitanuka, kila mahali.

Kuhusu Muumba, watajie Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alichapisha hesabu za ulimwengu unaotanuka, na 1931 akapendekeza kwamba ulianzia kwenye atomu moja ya awali. Papa Pius XII alipoizungumzia nadharia hiyo mwaka 1951 kana kwamba inathibitisha uumbaji, padri huyo hakufurahi. Kwake, nadharia ilikuwa nje kabisa ya maswali ya dini: haimthibitishi Mungu, haimkanushi. Hesabu yako inarudi nyuma hadi hali ya joto na msongamano mkubwa mno, inaishia hapo. Kwa nini kuna kitu chochote, haisemi.

Kwa hiyo kijana akileta aya ya 47 ya Surat adh-Dhariyat, inayotaja kuumbwa kwa mbingu, au mwenzake akaleta Mwanzo 1:3, "Iwe nuru", usizigeuze kuwa ushahidi wa maabara, wala usizibeze. Namba za sayansi hurekebishwa. Hiyo 70 yenyewe ina ubishi hadi leo: mionzi ya kale ya anga, masalia ya joto la mwanzo, inatoa kama 67, supanova, yaani nyota zinazolipuka, zinatoa kama 73. Wape zoezi warudie hesabu kwa zote mbili. Wapate bilioni 14.6 na 13.4.